Mianzi na lori linalobeba hewa

Chukua mwanzi wenye kipenyo cha sentimita 8 na ukuta wa sentimita 1. Ukiukata na kuutazama kwa mbele, nyama yake ni asilimia 44 ya duara. Iliyobaki ni tundu. Sasa panga mianzi 200 ya namna hiyo kwenye lori. Kwa kuwa ni ya mviringo na haikunyooka kama bomba la kiwandani, itaachiana nafasi, robo ya ujazo au zaidi. Ukizidisha unapata kwamba katika kila mita 3 za ujazo zilizobebwa, 1 tu ndiyo mwanzi. Mbili ni hewa. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 500, na hakuna mwenye lori anayesafirisha hewa bure.

Hesabu hii ndiyo inayoamua kama mwanzi utamlipa mkulima, lakini kwenye semina za mianzi huisikii. Huko utasikia kwamba duniani kuna aina zaidi ya 1,600, kwamba mwanzi ni jamii ya nyasi na ndiyo maana unakua haraka, kwamba hunyonya kaboni na kushika kingo za mito. Yote ni kweli. Kisha mshiriki anarudi nyumbani na miche. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwanzi umesifiwa hadi mtu mwenye uhakika wa kupata hela kwenye zao hili, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ni muuza miche.

Upandaji si tatizo kubwa. Tatizo ni kilomita 20 za kwanza kutoka kichakani: nani anakata, anakata mwanzi wa umri gani, anautibu kwa dawa gani, na unaondoka kijijini ukiwa gogo zima au ukiwa umepasuliwa.

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ni mahali pazuri pa kuliona hilo, kwa sababu huko mianzi ipo tayari. Iringa na Njombe zina vichaka mabondeni na kando ya nyumba, vingi vikiwa vya mwanzi wa ulanzi, ambao wataalamu huuita Oxytenanthera braunii. Zao lake kuu si nguzo wala samani. Ni pombe. Msimu wa mvua chipukizi likiwa bado laini hukatwa ncha, na mbeta, yaani kikopo cha pingili ya mwanzi, hufungwa ili kukinga utomvu. Asubuhi na jioni mgema hupita akikata tena kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Utomvu huanza kuchachuka humo humo ndani ya mbeta. Leo ni mtamu, kesho ni mkali, siku chache baadaye haunyweki.

Chipukizi lililogemwa halitakuwa mwanzi tena. Hapo ndipo uchumi wa mwanzi wa Nyanda za Juu Kusini unapofungwa fundo, na mradi unaofika kijijini bila kulijua hilo utashangaa kwa nini vichaka ni vingi na nguzo nzuri ni chache. Mwanzi si mti. Mti huanza mwembamba ukanenepa mwaka hadi mwaka. Mwanzi hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote, hufikia urefu wake ndani ya miezi 2 hadi 4, kisha hutumia miaka isiyopungua 3 kukomaa, yaani kuta zake kujaa na kuwa ngumu. Kila chipukizi la msimu huu ni ama ulanzi wa wiki chache zijazo, ama nguzo ya miaka 3 ijayo. Haliwezi kuwa vyote viwili.

Mkulima anayechagua ulanzi hakosei. Unatoka miezi ya Januari hadi Aprili, wakati ghala limepungua na mahindi mapya bado shambani. Hauhitaji mtaji zaidi ya kisu na mbeta, na unalipa kila siku. Nguzo inalipa baada ya miaka 3, ikiwa mnunuzi atakuja. Anayetaka machipukizi yaachwe lazima aje na jibu la swali hilo, na semina si jibu.

Habari njema ni kwamba si lazima kuchagua kimoja. Katika kichaka chochote sehemu kubwa ya machipukizi hufa yenyewe kabla ya kukomaa, kwa kukosa chakula na nafasi. Yanayochelewa kutoka na yanayobanana katikati ndiyo hufa zaidi. Hayo ndiyo ya kugemwa. Yanayotoka mapema, manene, pembeni ambako kuna nafasi, yaachwe. Kichaka kinachogemwa machipukizi yote mwaka baada ya mwaka hubaki na mianzi mizee tu. Majani hupungua, na tunguu, lile shina la ardhini linalofanana na la tangawizi, hukosa wa kulilisha. Machipukizi ya mwaka unaofuata huwa membamba, na ulanzi wenyewe hupungua. Kuacha 1 katika kila 3 si kumhurumia mnunuzi wa nguzo. Ni kulinda ulanzi pia.

Tuseme machipukizi yameachwa. Kosa linalofuata ni la umri, na ndilo linaloharibu jina la mwanzi sokoni kuliko lolote jingine. Mwanzi wa mwaka 1 na wa miaka 4 katika kichaka kimoja vinaweza kulingana urefu na unene. Mkataji anayelipwa kwa idadi hukata ulio karibu, na ulio karibu ni wa pembeni, na wa pembeni kwa kawaida ndio mchanga. Ukikauka unanyauka, ukuta unabonyea na kupinda. Fundi akiletewa mara mbili hanunui tena.

Dalili za umri zipo kwa anayejua kuangalia. Mwanzi wa mwaka wa kwanza una ungaunga mweupe kwenye pingili na magamba ya chipukizi bado yameushika chini. Wa mwaka wa pili ni kijani safi, magamba yamedondoka. Kuanzia wa tatu rangi hufifia, madoa ya kuvu kavu yenye rangi ya majivu hujitokeza, na ukiugonga kwa mgongo wa panga hutoa mlio mkavu, si bubu. Lakini kikundi kinachouza kwa mkataba kisitegemee macho. Kila mwaka, mvua zikiisha, paka mstari wa rangi moja kwenye mianzi yote iliyotoka msimu huo, mwaka ujao rangi nyingine. Rangi 4 zinatosha kuzunguka. Kopo moja la rangi kwa mwaka linamaliza ubishi wote.

Ukataji una kanuni chache zenye sababu. Kata wakati wa kiangazi, machipukizi yakiwa yameshakuwa marefu na magumu. Ukikata masika unakanyaga na kuvunja mavuno ya miaka 3 ijayo. Kata juu kidogo ya kifundo cha kwanza kutoka ardhini. Ukikata katikati ya pingili unaacha kikombe, mvua inakijaza, na uozo unashuka hadi kwenye tunguu. Usikate juu kiunoni kwa uvivu wa kuinama, maana visiki hivyo ndivyo vinavyozuia mkataji wa mwaka ujao kufika katikati. Fungua kichaka upande mmoja kwa umbo la kiatu cha farasi, ingia ndani, toa mizee na iliyokufa kwanza. Na hata iliyotimiza miaka 3 usiimalize. Bakiza kama robo yake ishikilie michanga isianguke kwa upepo.

Kichaka cha zamani kilichosongamana kikifanyiwa hivyo huanza kutoa mianzi mizuri mapema kuliko shamba jipya, ambalo kwa kawaida hungojewa miaka 5 hadi 7 kabla ya mavuno ya maana. Miradi mingi hupenda kuhesabu miche iliyopandwa. Sijui kwa nini hakuna anayehesabu vichaka vilivyofufuliwa. Pengine ni kwa sababu kichaka kilichosafishwa hakipigwi picha vizuri.

Sasa mwanzi umekatwa, na adui yuko njiani. Ni mdudu wa kahawia wa milimita 3 hivi, ndugu wa karibu wa dumuzi anayemaliza mahindi ghalani, yule ambaye wengine humwita skania. Anafuata wanga ulio ndani ya mwanzi. Wiki chache baada ya kukata utaona vitobo vidogo na unga laini chini yake, na baada ya miezi michache kiti kinavunjika. Mwanzi usiotibiwa ukigusa udongo hudumu mwaka 1 hadi 3. Ukiwa chini ya paa, miaka 4 hadi 7. Kwa nyumba ya mtu hiyo si miaka ya kujivunia.

Iringa ina kumbukumbu yake ya vita hivi. Miaka ya 1970 na 1980 wizara ya maji iliendesha huko mradi wa mabomba ya miti na mianzi. Vifundo vilitobolewa ndani, waya ukazungushwa nje ili mwanzi usipasuke kwa presha, na maji yakafika vijijini. Lilikuwa wazo la kijanja kuliko mengi yaliyokuja baadaye. Kilicholiangusha ni mchwa na uozo ardhini, na dawa zilizohitajika kuwazuia, kisha mabomba ya plastiki yakashuka bei. Mwanzi uliwekwa mahali unapokuwa dhaifu kuliko pote, yaani udongoni na majini, kisha ukadaiwa miaka ya plastiki.

Njia ya kienyeji ya kuloweka mwanzi mtoni wiki 3 au 4 inasaidia: wanga huyeyuka na kuondoka, mdudu anakosa chakula. Lakini inanuka, haizuii mchwa, na wanaochota maji chini ya mto wana haki ya kulalamika. Tiba inayofaa kwa kijiji ni chumvi za boroni: asidi ya boriki na boraksi kwa uwiano wa 2 kwa 3, kilo 5 kwa kila lita 100 za maji. Maji ya vuguvugu huyeyusha haraka. Tumia glavu, funga eneo watoto wasiingie, na usimwage maji yaliyotumika bustanini, maana boroni ikizidi huunguza mimea, maharage yakiwa ya kwanza. Nyungo, matenga na chochote kitakachobeba chakula visitibiwe hivi. Hivyo vikaushwe vizuri na kufukizwa moshi.

Na hapa hesabu ya hewa inarudi. Ukitaka kutibu mianzi mizima ya mita 6, lazima utoboe vifundo vyote ndani kwa nondo ndefu ili dawa ipite, kisha uzamishe kwa wiki 1 hadi 2. Birika la mita 6.5 kwa 1 kwa 0.8, likishajazwa mianzi iliyotobolewa, bado linataka lita zisizopungua 3,000 za dawa, kwa kuwa dawa ndiyo itakayojaza yale matundu. Hizo ni kilo 150 za chumvi kabla hujauza mwanzi hata mmoja. Mkulima mmoja hawezi, na kikundi kipya hakipaswi kuanza hapo.

Pasua kwanza. Mwanzi mbichi hupasuka kirahisi siku chache baada ya kukatwa. Fundi chuma wa mjini anaweza kuunda pete ya chuma yenye visu 6 au 8 vilivyokutana katikati kama nyota. Mwanzi unasukumwa humo, unatoka vipande 6 au 8 vya upana sawa. Vifundo vya ndani huondolewa kwa kisu kikali, vipande vikapangwa kwa unene. Vipande vya mita 1.5 hutibiwa kwa siku 2 hadi 3 tu, kwa sababu dawa inaingia kutoka pande zote, na chombo chake ni pipa moja la lita 200 lililochanwa kwa urefu, nusu zake mbili zikaunganishwa kichwa kwa kichwa. Lita 200, kilo 10 za chumvi. Dawa hiyo hutumika tena na tena, ikiongezewa kila inapopungua na kupimwa isipoteze nguvu.

Vikitoka vinasimamishwa kivulini, penye upepo, wiki 2 hadi 4 kutegemea hali ya hewa. Jua kali huvipinda na kuvipasua. Kosa linalorudiwa hapa ni haraka: vipande vikifungwa mafungu vikiwa na unyevu, siku ya tatu vina ukungu mweusi, na doa hilo halitoki kwa msasa. Fungu la vipande vikavu na bapa, likibanwa sawasawa, lina hewa kidogo sana. Lori lile lile sasa linabeba mara mbili na zaidi ya mwanzi, na kinacholizuia ni uzito, si nafasi. Mkulima ameacha kulipia nauli ya tundu.

Boroni ina mpaka wake, na ni vizuri mnunuzi aambiwe mapema. Haishikamani na mwanzi. Mvua ikiugonga moja kwa moja huioshea nje. Inafaa dari, samani, kuta za ndani, mapaa yenye kingo ndefu. Nguzo za uzio za mianzi zilizotibiwa kwa boroni zitamrudisha mteja akiwa na hasira.

Nani atanunua vipande? Hapa ndipo wengi hutamka vijiti vya meno, na viongozi wetu wameshasema mara nyingi kwamba ni aibu kuviagiza kutoka nje. Aibu au la, kijiti cha meno ni bidhaa mbaya ya kuanzia. Bei yake ni ndogo mno, mashine zake zinataka pingili ndefu zenye nyuzi zilizonyooka na unene unaolingana, na ni sehemu ndogo tu ya mwanzi inayogeuka kijiti. Iliyobaki ni vumbi, vifundo na ncha. Kiwanda kisicho na mnunuzi wa masalia hayo kinalipia takataka.

Wachina wa Anji, wilaya ya mkoa wa Zhejiang iliyo maarufu kwa mianzi, walilielewa hili. Karakana ndogo karibu na vichaka hupasua na kupanga. Sehemu ya chini iliyo nene huenda kwenye mbao za sakafu, ya kati kwenye mapazia na mikeka, vipande vyembamba kwenye vijiti, vumbi kwenye mkaa na paneli. Hakuna kiwanda kimoja kinachofanya yote, na hakuna anayenunua gogo zima akatumia robo. Tukiiga mashine ya vijiti bila kuiga mgawanyo huo wa kazi, tumeiga sehemu inayopoteza pesa.

Mfano wa karibu zaidi uko Ilula, kwenye barabara kuu ya Iringa na Morogoro. Nyanya za huko husafiri kwenye matenga, na tenga ni mwanzi. Wasukaji hao wamekuwa wakipasua, kuchambua na kupanga kwa unene miaka yote bila mradi. Wanajua mwanzi upi unakubali kupinda bila kukatika na upi ni wa kuwashia moto. Kama kuna mahali pa kutafuta wakufunzi wa upasuaji, ni pale, si hotelini. Soko la tenga lenyewe lisitegemewe likue: tenga likirundikwa juu ya jingine nyanya za chini hupondeka, na wanunuzi wanaojali ubora wanahamia kwenye makreti. Kenya iliwahi kuona jambo kama hilo kwenye mashamba ya chai, ambako kapu la mwanzi la mchumaji lilipisha la plastiki. Ujuzi wa mikono ndio wa kuhamishia kwenye dari, mikeka ya kuta, samani na vijiti vya mishikaki, bidhaa ambazo mnunuzi wake yuko Iringa, Mbeya au Dodoma.

Masalia yatakuwepo, na mkaa ni matumizi yake halali. Katika tanuri la udongo unahitaji kilo 4 hadi 6 za mwanzi mkavu kupata kilo 1 ya mkaa. Huwaka upesi na ni mwepesi, hivyo ni bora kuusaga na kuufanya mkaa wa kusindika kwa uji wa muhogo. Kwa jiko la nyumbani unafaa. Kwa boila za viwanda vya chai ningesita: majivu ya mwanzi yana silika (madini yaliyomo kwenye mchanga) na potasiamu nyingi, huyeyuka na kuganda kwenye vyuma. Na kukata mwanzi mzuri wa miaka 4 ili kuchoma mkaa ni sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya ngozi.

Serikali ina kazi yake, na si ya kugawa miche. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mianzi katika misitu ya serikali mwaka 1986, kwa nia ya kulinda vyanzo vya maji. Lakini kichaka kisichovunwa hujisonga: mianzi mizee hufia humo, machipukizi hukosa nafasi, na biashara halali ikifungwa, anayebaki ni anayekata usiku. Mwaka 2020 nchi hiyo iliutambua mwanzi kuwa zao la kilimo, na hapo ndipo kwenye somo kwa Tanzania. Mwanzi ukihesabiwa zao la misitu, mwenye kichaka cha babu yake anahitaji karatasi za msitu ili kusafirisha alichopanda mwenyewe. Usumbufu wa kufuatilia karatasi hizo humuumiza zaidi mwenye fungu dogo. Halmashauri nazo zina mikopo ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Pete ya kupasulia, pipa, kilo 10 za chumvi na kibanda cha kukaushia vinaingia vizuri humo. Kiwanda cha sakafu hakiingii, na kisilazimishwe.

Kwa anayetaka bado kupanda, basi apande akijua anachonunua. Mwanzi wa kawaida wa njano au kijani, Bambusa vulgaris, hushika kwa urahisi kuliko yote na ndiyo maana umejaa vitaluni. Lakini una wanga mwingi, wadudu huupenda, na mara nyingi haunyooki. Kwa nguzo na mbao, Dendrocalamus asper ni bora, ikiwa mvua inatosha. Mwanzi wa milimani, Oldeania alpina, ambao ndio wa Aberdare, Mau na mlima Elgon, unataka baridi ya miinuko mirefu na haufai kubebwa kwenda tambarare. Mche mdogo wa hii na wa ile ni vigumu kuutofautisha, kwa hiyo nunua kwa anayeweza kukuonyesha kichaka cha mama.

Au zalisha mwenyewe. Chagua mwanzi wa mwaka 1 hadi 2, ukate vipande vyenye vifundo 2 na pingili nzima katikati. Toboa tundu kwenye pingili, mimina maji, ziba. Laza kipande kitaluni kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, macho yakitazama pembeni, si juu na chini. Machipukizi yatatokea ndani ya wiki chache, lakini usidanganyike: majani hutangulia mizizi, na anayehamisha mche kwa kuona majani tu hupoteza wengi. Subiri miezi 3. Shambani, chimba mashimo ya sentimita 60 kila upande, tia debe moja la samadi iliyooza, na uachie mita 7 kwa 7 kwa aina kubwa; hivyo ni vichaka 82 kwa ekari. Kati yake lima maharage au viazi miaka 2 ya mwanzo, na uzuie mbuzi, maana majani ya mwanzi kwao ni mlo mzuri.

Jambo la mwisho ni saa. Aina nyingi za mianzi hutoa maua mara moja baada ya miongo kadhaa, kichaka kizima kwa pamoja, kisha hufa. Ethiopia, mojawapo ya nchi zenye mianzi mingi zaidi Afrika, zaidi ya hekta milioni 1, imeshaona mianzi ya tambarare ya Benishangul-Gumuz ikichanua na kukauka maeneo makubwa kwa mpigo. Vipande vilivyokatwa kutoka mama mmoja, au miche ya maabara iliyotoka kwenye chembe moja, hubeba saa ile ile ya mama. Elfu kumi ya miche hiyo, hata ikipandwa katika wilaya 5, inaweza kuchanua msimu mmoja. Kabla ya kulipa, muulize muuza miche: mama alitoka kwenye mbegu au kwenye kipande, mbegu ilichipua mwaka gani, na miche hii ina mama wangapi? Akijibu mmoja, chukua kutoka kwake sehemu tu ya unayohitaji.